Mwaka Mmoja Zaidi kwa Mti Mzee

Mara nyingi huwa tunawaita jikoni. Mwezi huu tunawaomba mtoke nje, msimame uani na kuinua macho. Tunataka kuzungumza nanyi juu ya miti mikubwa, ile tuliyoikuta tulipohamia, ambayo wengine waliipanda nasi tunakaa kivulini mwake bila hata kuuliza ni nani aliyeichimbia shimo.

Sisi tunaishi Moshi, katika mtaa wa Shanty Town. Wanaojua Kiingereza jina lisiwadanganye. Si mtaa wa vibanda. Ni mtaa wa zamani wenye viwanja vipana na barabara zenye miti mirefu pande zote mbili. Kila mwaka ukaribiapo mwezi wa Oktoba mijakaranda huchanua, na barabara huwa ya zambarau juu na chini. Miti hiyo asili yake si huku. Mjakaranda umetoka Amerika ya Kusini, pande za Argentina na Bolivia. Mgrevilea, ambao tumeuzoea katika mashamba ya kahawa, umetoka Australia. Lakini imekaa nasi muda mrefu kiasi kwamba watoto wetu hawaijui Moshi isiyo na miti hiyo.

Mitaa ya namna hii iko pia Oysterbay kule Dar es Salaam, Raskazone kule Tanga, na katika miji mingine mingi. Nyumba zake zimezeeka pamoja na miti yake. Nyumba ikizeeka tunaipaka rangi na kubadilisha bati. Mti ukizeeka je? Mara nyingi tunaukumbuka siku tawi linapoanguka. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

USIKU ULE WA MVUA

Ilikuwa mwezi wa Aprili 2023, masika yamekolea. Yapata saa nane usiku tulisikia mlio kama wa bunduki, kisha kishindo, kisha kimya, halafu mbwa wa mtaa mzima. Baba watoto alitoka na tochi. Tawi moja la mjakaranda wetu, nene kama kiuno cha mtoto, lilikuwa limevuka ua na kulala juu ya jiko la nje la jirani yetu. Bati lilikuwa limejikunja kama karatasi.

Jirani huyo ni bibi mjane anayelea wajukuu. Mmoja wao, binti wa miaka kumi na miwili, huamka saa kumi na moja alfajiri kila siku ya shule na kuingia katika jiko lile kuchemsha chai. Saa tatu tu! Tulihesabu saa hizo mara nyingi usiku ule, na usingizi haukurudi.

Kulipopambazuka tulikwenda wote wawili kuomba radhi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Mti wenu umenitembelea usiku, wala haukubisha hodi."

Tulicheka, lakini magoti yalikuwa yanatetemeka. Tukamwahidi kwamba jiko litaezekwa upya wiki ile ile, na likaezekwa.

Habari haina miguu lakini hufika. Kabla ya saa sita mchana alikuja fundi mwenye chenso akatutajia bei mbili. Ya kwanza ni ya kuuangusha mti wote. Ya pili, iliyo nafuu, ni ya kuukata kichwa uwe mfupi. Baba watoto alikuwa amekwisha kuamua: mti uondoke. Hata sisi wengine hatukuwa na la kumjibu. Nani angeweza kuutetea mti baada ya kuhesabu saa zile tatu?

Aliyeutetea ni Bibi. Alikuja akasimama kwenye ua akasema: "Wanangu, msiukate kwa hasira. Hasira itapoa kesho, na mti haurudi kesho. Utazameni kwanza. Nipeni mwaka mmoja." Kisha akatueleza jambo ambalo hatukuwahi kulifikiria. Nyumba yake iko mashariki ya mti wetu. Jua la alasiri, ambalo ndilo kali, huzuiwa na mjakaranda ule usilipige paa lake la bati. Siku ambayo hautakuwepo, nyumba yake itakuwa tanuri. Na kivuli cha jioni ambamo akina mama wa jumuiya yetu hukaa uani kwake ni kivuli cha mti wetu.

Tulirudi ndani tumenyamaza. Wengi wenu mtaukumbuka ule mfano wa mtini usiozaa, katika Injili ya Luka sura ya 13. Mwenye shamba amechoka kungoja na anataka mti ukatwe, lakini mtunza shamba anaomba uachwe mwaka mmoja zaidi ili aupalilie na kuutilia samadi. Tumeusikia mfano huo tangu utoto. Siku ile ndipo tulipotambua kwamba mtunza shamba hakuomba mti uachwe hivi hivi. Aliomba mwaka wa kazi.

KOSA LILIKUWA LETU

Tulimtafuta bwana miti mstaafu ambaye amefanya kazi ya misitu maisha yake yote. Alikuja na nyundo ya mpira na miwani yake. Hakutazama juu kwanza. Alilizunguka shina taratibu akiligonga na kusikiliza, akachuchumaa kutazama mizizi, halafu akaenda kwenye lile tawi lililoanguka akalikagua mahali lilipong'oka. Ndipo akauliza: "Nani aliukata kichwa mti huu?"

Tulitazamana. Tulikuwa sisi.

Mwaka 2011, tulipohamia, tulitaka tukikaa barazani tuuone mlima. Kijana mmoja alipanda na panga na msumeno, na kwa siku moja akayakata matagaa yote ya juu. Kweli tuliiona Kibo, kwa muda wa miaka miwili hivi. Kisha yakatoka maotea mengi, yamesimama wima kama fimbo, yakarefuka na kunenepa mpaka yakafunga kila kitu. Tuliona mti umetusamehe.

Bwana miti alitueleza kwamba haikuwa hivyo. Tawi la kuzaliwa hujengwa pamoja na shina mwaka baada ya mwaka, nyuzi zake zimeingiliana na za shina kama mkono ulivyoungana na bega. Maotea yanayotoka baada ya kukata kichwa hayana bega. Yameshika pembeni, karibu na ganda, juu ya kidonda. Wakati yanazidi kuwa mazito juu, lile gutu lililo chini yake linaoza. Alituonyesha: mahali tawi liliposhika palikuwa na mbao nyeusi inayomong'onyoka kwa vidole.

"Mti huu haukuzeeka vibaya," alisema. "Mliuzeesha ninyi."

Neno hilo lilituuma, lakini ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Wengi wetu tunauogopa mti kwa sababu ni mzee na mrefu. Kumbe uzee peke yake si hatari. Hatari kubwa huja kutokana na majeraha, na majeraha mengi ya miti ya majumbani tumeyatia kwa mikono yetu.

MTI HAUPONI KAMA NGOZI

Mtoto akijikata kidole, nyama iliyoharibika hutengenezwa upya na kovu hufifia. Mti hauna uwezo huo. Mbao iliyokwisha kuharibika haigeuki kuwa nzima tena. Kinachofanyika ni kwamba mti hujenga kuta ndani yake kulizunguka jeraha ili uozo usienee, kisha huota mbao mpya juu yake. Jambo hili lilielezwa kwa kirefu na Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone kilichomo ndani. Kila jeraha tunalotia leo litabaki ndani ya mti huo maisha yake yote.

Kutokana na hayo tunajifunza mambo kadhaa. La kwanza, tusiukate mti kichwa. La pili, tusilipake jeraha rangi, lami wala oili chafu tukidhani tunaweka dawa. Siku hizi wataalamu wamekwisha kuacha desturi hiyo, maana rangi haizuii uozo na inaweza hata kufungia unyevu ndani. La tatu, tusijaze sementi katika tundu la mti. Zamani ilifanywa hivyo kama kuziba jino. Lakini mti huyumba na sementi haiyumbi, hivyo vitu hivyo viwili husuguana na kuharibu zile kuta za ndani. Mti wenye tundu si lazima uwe unakufa. Sehemu iliyo hai iko upande wa nje, chini ya ganda, na mti ulio na uwazi ndani waweza kusimama miaka mingi ikiwa ukuta wake wa nje ni mnene na mzima.

Vilevile tusigongelee misumari ya kutundikia vibao, tusifunge waya wa kuanikia nguo ukazunguka shina, na tusichome takataka chini ya mti. Waya uliosahauliwa huzama ndani ya ganda kadiri mti unavyonenepa, na mwisho huukaba.

KUUKAGUA MTI KABLA YA MASIKA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bwana miti alitushauri tuwe na siku moja katika mwaka, mwezi wa Januari au Februari kabla ya mvua kubwa, ya kuukagua kila mti uliopo uani. Kazi hii haihitaji fedha wala ngazi. Mama yeyote aweza kuifanya akiwa na watoto wake, nao watajifunza.

Anza chini. Je, kuna uyoga unaoota kwenye shina au juu ya mizizi? Hiyo ni dalili kwamba kuna uozo ndani. Je, udongo upande mmoja umeinuka au umepasuka, hasa baada ya upepo? Hiyo ni dalili kwamba mizizi imeanza kuachia, na jambo hilo halingoji wiki ijayo. Mti ambao umeinama tangu utoto wake na kujinyoosha juu haututii hofu sana. Mti uliokuwa wima mwaka jana na mwaka huu umeinama, huo uitieni mtaalamu mara moja.

Halafu tazama shina. Tafuta nyufa ndefu, ganda lililobanduka, unga wa mbao unaomwagika, na njia za mchwa. Mchwa wengi hufuata mbao iliyokwisha kufa, kwa hiyo ukiwaona uliza ni wapi pameoza. Gonga kwa nyundo ya mpira au kipande cha gogo, usikilize kama panalia kama ngoma.

Mwisho tazama juu. Tawi lisilo na majani wakati wenzake wanayo limekufa, na tawi lililokufa litaanguka siku moja. Tazama pia mahali matagaa mawili yanapoachana. Pakiwa na umbo kama la herufi U, kwa kawaida pana nguvu. Pakibana sana kama herufi V, na ganda limeingia katikati, hapo ndipo panapopasuka siku ya upepo.

Kisha jiulize swali moja la maana: likianguka, litaanguka juu ya nini? Tawi bovu juu ya majani ya bustani si sawa na tawi bovu juu ya kitanda cha mtoto, choo, jiko au njia ya watu. Sisi hatukuwahi kujiuliza swali hilo kwa muda wa miaka kumi na miwili.

JINSI YA KUKATA TAWI

Wakati mzuri wa kupogoa hapa kwetu ni mwezi wa Juni au Julai, masika yakishapita na ardhi ikiwa bado na unyevu. Tawi la hatari tu ndilo lisilongoja majira. Mti mzee usipogolewe sana. Wengi hushauri kwamba hata mti wenye nguvu usipunguzwe zaidi ya robo ya matawi yake mabichi kwa mwaka, na mti mzee uguswe chini ya hapo, kwa sababu majani ndiyo jiko lake. Ukimwondolea mzee chakula siku anapouguzwa, umemsaidia nini?

Tazameni mahali tawi linapotokea. Mtaona uvimbe wenye mikunjo unaolizunguka tawi kama ukosi wa shati. Katika ukosi huo ndimo zilimo nguvu za mti za kujifunga. Msumeno upite nje ya ukosi tu. Usiukate ukosi wenyewe ili shina liwe laini kama nguzo, wala usiache gutu refu kama kigingi. Vyote viwili huleta uozo.

Tawi zito hukatwa mara tatu. Kata kwanza kutoka chini kwenda juu, karibu theluthi moja ya unene wake, mahali palipo mbali na shina kiasi cha urefu wa rula ya shule. Pili, sogea nje kidogo, kata kutoka juu mpaka tawi lidondoke. Tatu, ondoa gutu lililobaki, pembeni mwa ukosi. Ukikata mara moja tu kutoka juu, tawi likianguka huchana ganda la shina hadi chini.

Hayo ni kwa matawi mnayoyafikia mkiwa mmesimama chini. Matawi ya juu ni kazi ya fundi mwenye kamba na mkanda, na kama nyaya za umeme ziko karibu, toeni taarifa TANESCO kwanza. Kijana asiyefungwa kamba msimruhusu apande, hata kama bei yake ni ndogo. Na kabla ya kuangusha mti mzima, ulizeni ofisi ya serikali ya mtaa ni kibali gani kinachotakiwa.

MIZIZI IKO KARIBU KULIKO TUNAVYODHANI

Wengi tunaamini kwamba mizizi ya mti huenda chini kadiri ulivyo mrefu juu. Kwa kweli mizizi mingi iko katika sentimita 60 za juu za udongo, nayo husambaa kwenda nje kupita kivuli cha matawi. Kwa hiyo tunapochimba mtaro wa bomba, tunapomwaga zege, tunapopanga vitofali uani au kuegesha gari chini ya mti, tunaigusa mizizi hiyo. Mti hautalalamika mwaka huo. Utakauka juu kidogo kidogo, na baada ya miaka mitano tutasema umezeeka.

Kuhusu mifereji, tusiuonee mti. Mizizi kwa kawaida haivunji bomba zima, huingia panapovuja. Tengenezeni bomba, nanyi mtakuwa mmemaliza ugomvi.

Dawa ya mti mzee ni rahisi sana. Tandazeni majani makavu au mboji chini ya mti, unene wa sentimita 5 hadi 10, eneo pana kadiri mwezavyo, lakini yasiguse shina. Acheni kiasi cha shubiri moja, maana unyevu ukikaa kwenye ganda huliozesha. Hayo majani tunayoyafagia kila asubuhi na kuyachoma ndiyo chakula cha mti wenyewe. Samadi iliyooza vizuri, kiasi kidogo, yaweza kuchanganywa humo. Wakati wa kiangazi kirefu mwagieni maji mengi mara moja, taratibu, pale kivuli kinapoishia, kuliko kumwaga ndoo moja kila siku shinani.

MMOJA HAUKUPONA

Tusiwadanganye kwamba kila mti unaweza kuokolewa. Langoni kwetu palikuwa na mgrevilea mrefu. Mwaka 2019 tulipanga vitofali pale na kuchimba mtaro wa bomba upande wa barabara, tukakata mizizi minene bila kujua tunafanya nini. Bwana miti alipofika hapo alitikisa kichwa. Uyoga ulikuwa umezunguka nusu ya shina, na nyundo ilipogonga mlio ulikuwa wa debe tupu. Upande uliooza ndio unaotazama njia ambayo watoto hupita kwenda shule.

Huo tuliuangusha mwezi wa Juni, kwa kibali. Ulipolala tulikuta upande wa barabara ni mtupu kabisa, ukuta wake mwembamba kama kiganja. Hatukujilaumu kwa kuukata. Tulijilaumu kwa ule mtaro. Kumpenda mzee si kukataa kwamba anakufa. Mbao zilizokuwa nzima zilitosha mabenchi mawili, na moja lipo uani kwa Bibi.

Mjakaranda ulibaki. Fundi wa kamba aliondoa matawi yaliyokufa, akapunguza uzito wa maotea manne yaliyoelekea kwa Bibi, akaacha mengine. Atarudi kila baada ya mwaka mmoja au miwili kupunguza kidogo kidogo. Gharama yake ilikuwa kubwa kuliko ya kuukata kichwa. Lakini tukijumlisha bati, mbao na ufundi wa jiko la Bibi, ule mlima tulioutazama miaka miwili ulikuwa wa bei ghali sana.

MRITHI APANDWE MAPEMA

Mti mzee ukifa kabla mwingine haujakua, mtaa hukaa uchi miaka ishirini. Kwa hiyo mrithi apandwe wakati mzee yu hai. Sisi, hatua kadhaa kutoka pale uliposimama mgrevilea, mbali na ukuta na nyaya, tumepanda mringaringa, mti wa asili ambao wazee wa Kilimanjaro wameuacha katika vihamba vyao utie kivuli migomba na kahawa.

Kupanda si mwisho wa kazi. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Ndio mwanzo wa kazi iliyomletea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Hata hivyo, katika ile saba ya kwanza iliyopona ni miwili tu. Mche unahitaji maji, uzio dhidi ya mbuzi, na jicho la mtu. Na samaki mkunje angali mbichi: ukiona mche umetoa vichwa viwili vinavyoshindana, ondoa kimoja ukiwa bado unene wa kidole, ili usije ukapasuka ukiwa mzee.

Mji huo huo wa Nairobi ulitupa somo jingine mwezi wa Novemba 2020. Mtini mkubwa wa porini, ambao Wakikuyu huuita mugumo, ulikuwa uondolewe Westlands kupisha ujenzi wa barabara ya juu. Watu walipiga kelele, na serikali ikaagiza uachwe. Ikiwa barabara kubwa namna ile yaweza kuukwepa mti, hata ukuta wetu wa uani na vitofali vyetu vyaweza kujikunja kidogo.

MWAKA WA BIBI

Masika ya mwaka 2024 mtayakumbuka. Mvua za El Niño zilileta mafuriko na vifo sehemu nyingi za nchi yetu. Usiku wa upepo tulikuwa tukiamka na kusikiliza. Asubuhi tulikuta vijiti tu uani, na majani yamejaa katika mifereji ya paa, kama kawaida. Kwa Bibi moshi wa chai ulikuwa ukipanda kutoka katika lile jiko lenye bati jipya.

Mwishoni mwa mwezi huo Bibi alikuja tena akasimama kwenye ua. Tulimwamkia, akaitikia, akautazama mti kutoka chini hadi juu bila haraka.

"Wanangu," alisema, "mwaka wangu umekwisha. Nimekuja kuomba mwingine."

Tulimpa. Nanyi, wapendwa wasomaji, kabla hamjamwita mwenye chenso, jaribuni kumpa mzee wenu mwaka mmoja, ila uwe mwaka wa kazi. Tukutane tena mwezi ujao.